Trekta Juu ya Matofali

Nyumbani kwetu Izimbya, Bukoba Vijijini, kuna trekta ambalo halijaingia shambani kwa misimu minne mfululizo. Injini yake ni nzima. Mwenye nalo, mzee wa rika la baba yangu mdogo, huliwasha kila baada ya wiki mbili ili betri isife. Kuku waliolala chini yake hutawanyika, moshi mweusi hupanda hadi kwenye migomba, na baada ya robo saa hulizima na kulifunika tena turubai. Ni Massey Ferguson 290, la zamani kuliko wanafunzi wote ninaowafundisha. Mhimili wake wa nyuma, upande wa kushoto, umeegemezwa juu ya matofali ya kuchoma, kwa sababu tairi la upande huo lilipasuka ubavu na halikupata mrithi.

"Mwalimu," aliniambia nilipokwenda kumsalimu likizo iliyopita, "usiseme trekta limekufa. Limekatwa mguu."

Ndugu msomaji, kila mwaka ifikapo Agosti 8 viongozi wetu hupanda kwenye viti vya matrekta mapya katika viwanja vya Nane Nane. Sisi wa Kagera, pamoja na jirani zetu wa Mwanza na Geita, maonyesho yetu hufanyika Nyamhongolo. Kiongozi hushika usukani, hupigwa picha, huuliza nguvu za farasi ni ngapi, na mwenye duka humjibu kwa furaha. Sijawahi kumsikia kiongozi hata mmoja akiuliza: matairi ya nyuma ya chombo hiki yanauzwa wapi, kwa bei gani, na nani atakuwa nayo dukani miaka kumi ijayo? Nina hakika kwamba swali hilo moja lingetuonyesha ukweli wa sera yetu ya zana za kilimo kuliko hotuba zote zinazofuata baada ya picha.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ajue pa kunikamatia. Dola yetu inapenda kununua matrekta na haipendi kuyatunza. Kununua kuna sherehe, kuna mkopo wa nje, kuna mkataba, kuna utepe wa kukata. Kutunza hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Gharama ya utunzaji huo tumeisukuma kimyakimya kutoka hazina hadi kwa mkulima mmoja mmoja, naye akishindwa, kutoka kwake hadi kwenye mgongo wa mwanamke mwenye jembe la mkono.

Tuanze na tairi lenyewe, maana wengi wanaolizungumzia hawajawahi kulisukuma. Tairi la nyuma la trekta kama lile la Izimbya huandikwa ubavuni namba kama 16.9-30 au 18.4-30. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na ya pili ni kipenyo cha rimu. Matrekta madogo ya zamani, kama Massey Ferguson 135 yaliyojaa nchi hii enzi za vyama vya ushirika vya zamani, hutumia vipimo vidogo zaidi vya rimu ya inchi 28. Vipimo hivi ni vya matairi ya mtindo wa zamani, yenye nyuzi zinazokatizana ndani yake. Viwanda vikubwa vya Ulaya na Marekani vimehamia zamani kwenye matairi ya radiali na kwenye vipimo vya milimita, hata lile lililokuwa 16.9 sasa huandikwa 420/85R30. Anayeendelea kutengeneza kwa wingi vipimo vya zamani ni hasa viwanda vya India na China. Mwenye trekta kuukuu, kwa hiyo, hana maduka mengi ya kuchagua. Ananunua kinachoingia, kwa bei ya anayekiingiza.

Kisha kuna jambo ambalo fundi yeyote wa pancha atakueleza bila kwenda chuo kikuu: matairi ya nyuma hununuliwa kwa jozi. Ukiweka jipya upande mmoja na kipara upande wa pili, kimo chao hutofautiana, na gia za mhimili wa nyuma, ambazo mafundi wetu huita difu, hulazimika kuzunguka bila kupumzika hata trekta linapokwenda moja kwa moja. Baada ya muda difu huanza kulia, na difu ikivunjika utatamani bei ya tairi. Kwa hiyo tairi moja likipasuka, mkulima anadaiwa mawili. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kuita mtu wa matofali.

Sasa kwa nini bei imepanda? Nitaeleza sababu moja ambayo haihitaji kumlaumu mfanyabiashara yeyote. Tairi hununuliwa kwa dola. Mwaka 2011 dola moja ilibadilishwa kwa wastani wa shilingi 1,500 na ushei, na mwaka 2024 ilivuka shilingi 2,600. Chukua, kwa mfano wa hesabu tu, tairi lililoondoka kiwandani kwa dola 300 mwaka 2011 na ambalo bei yake ya kiwandani haikupanda hata senti moja. Kwa mwaka wa kwanza lingekuwa na thamani ya kama shilingi 470,000, na kwa mwaka wa pili shilingi 780,000. Bado hatujalipa meli, bandari, ghala, lori wala faida ya mtu. Na tunajua kwamba bei ya kiwandani haikubaki palepale, kwa sababu sehemu kubwa ya tairi ni mpira wa kutengenezwa na masizi maalumu vitokanavyo na mafuta ya petroli, na mafuta yalipanda vibaya mwaka 2022 baada ya vita vya Ukraine kuanza. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa ni nauli za makontena zilizopaa baada ya janga la korona. Kila tetemeko la dunia hufika Izimbya, na hufika likiwa limeongezewa nauli.

Nauli hiyo ni ndefu. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Tairi la nyuma la trekta ni kitu kikubwa chenye uwazi mkubwa katikati, yaani linajaza nafasi ya lori kuliko linavyojaza uzito, na msafirishaji huuza nafasi. Kampala, kwa upande mwingine, iko kama kilomita 300 tu kupitia Mutukula. Jiografia yetu inatuambia tununue Kampala, na mipaka yetu inatuambia tununue Dar es Salaam. Tuna Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye ushuru mmoja wa forodha, ambamo trekta jipya huingia kwa ushuru wa asilimia sifuri. Lakini mzee wa Izimbya anayetaka kuvuka Mutukula kwenda kutafuta jozi moja ya matairi bado anahisi kama mtu anayekwenda kufanya magendo. Jumuiya aliyoahidiwa kwenye redio hajaikuta getini.

Hapa najua nitapingwa na msomaji anayeijua Kagera. Ataniuliza: trekta la nini katika nchi ya migomba? Ni swali la haki na linastahili jibu refu kidogo.

Ni kweli kwamba kibanja, kile kitalu cha migomba na mibuni kinachoizunguka nyumba ya Mhaya, hakilimwi kwa trekta wala hakijawahi kulimwa kwa trekta. Mizizi ya mgomba iko juu juu, nafasi ni finyu, na rutuba yake imejengwa kwa mikono kwa vizazi, kwa samadi, majani na takataka za jikoni. Lakini kibanja hakijawahi kuwa ndiyo shamba lote. Nje yake kuna rweya, yaani nyika ya majani yenye udongo wa kichanga na uchachu, ambako watu walichungia ng'ombe, walikata majani ya kutandaza bandani na kwenye migomba, na ambako akina mama walifungua omusiri wa njugu mawe, viazi na mihogo. Idadi ya watu imeongezeka, vibanja vimegawanywa kati ya watoto na wajukuu hadi vingine havitoshi kuzikiana, na mnyauko wa migomba uliosumbua mkoa wetu umewafundisha watu kutotegemea ndizi peke yake. Kijana wa Izimbya wa leo anayetaka kulima mahindi au maharage kwa ajili ya soko hana pengine pa kwenda ila rweya. Na rweya, pamoja na majani yake magumu yenye mizizi iliyofungamana, ndiyo ardhi inayohitaji trekta kuliko ardhi yoyote mkoani.

Zaidi ya hapo, trekta la kwetu haliishi kwa kulima tu. Msimu wa kulima ni wiki chache kabla ya vuli na wiki chache kabla ya masika. Miezi inayobaki trekta hufungwa tela na kwenda barabarani: mchanga, matofali, kuni za kuchomea matofali, mikungu ya ndizi, kahawa ya maganda, na siku ya msiba, viti na maturubai. Hiyo ndiyo riziki yake halisi, na hiyo hiyo ndiyo inayoliua tairi. Yale meno marefu ya tairi la shamba yamechongwa ili yazame katika udongo laini. Kwenye barabara ya changarawe na mawe, au kwenye lami ya Muleba, meno yale huliwa kama chaki ubaoni. Mtaalamu atasema huo ni matumizi mabaya ya zana. Mimi nitamwuliza, huyo mwenye trekta ale nini kati ya Januari na Machi?

Basi mwenye trekta amekaa katikati ya mawe mawili. Gharama zake, yaani dizeli, tairi, oili na posho ya dereva, zinafuata dola. Mapato yake yanafuata mfuko wa jirani yake, ambao unafuata bei ya kahawa na mvua. Akipandisha bei ya kulima ekari, jirani humwambia, kwa heshima zote, kwamba mwaka huu atatumia jembe. Kwa hiyo hapandishi. Anachofanya ni kulima kwa bei inayolipa dizeli na dereva, na tairi linakwisha polepole bila kuandikwa popote kama gharama. Siku linapopasuka ndipo deni la miaka minane linadaiwa kwa siku moja.

Wakati huo ndipo huanza ile elimu ya mtaani ambayo hakuna chuo kinachoitolea cheti. Kwanza ni kiraka cha ndani, kipande cha tairi jingine kilichokatwa na kugandishwa ili tyubu isichungulie nje. Kisha ni kushona ubavu kwa waya, au kukaza bamba kwa bolti. Kisha hutafutwa tairi lililotumika, lililotoka kwenye mashamba makubwa au ng'ambo, lenye meno mazuri na ubavu uliojaa nyufa. Nawaomba wanaonunua matairi ya namna hiyo wasome ubavuni zile tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya kiwandani: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2208 lilizaliwa mwaka 2008. Meno yake yanaweza kuwa marefu na mpira wake ukawa umeshakuwa mkavu kama biskuti, kwa sababu tairi huzeeka kwa jua na hewa hata likikaa bila kazi. Na yote yakishindikana, fundi wa katambuga yupo. Viatu vyake hudumu, ingawa havilimi.

Turudi kwa dola, maana sikukusudia kuandika makala ya ufundi.

Historia yetu ya matrekta ni historia ya kusahau matairi. Katika miaka ya 1980 tulikuwa na kiwanda Kibaha kilichounganisha matrekta ya Valmet kwa ubia na Wafini. Ndio muongo ule ambao, baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 na ukame wa fedha za kigeni uliofuata, nchi nzima ilikuwa na mashine zilizosimama kwa kukosa vipuri. Wazee wa mkoa huu wanakumbuka jinsi tairi lilivyokuwa bidhaa ya kibali. Tungetegemea kwamba kizazi kilichopitia hayo kingejifunza. Mwaka 2009 tukatangaziwa Kilimo Kwanza. Ukafuata mkopo wa India wa dola milioni 40, na kupitia SUMA JKT yakaingia matrekta zaidi ya 1,800 ya Farmtrac na New Holland, yakakopeshwa, na kwa miaka mingi baadaye habari zake zikawa ni za madeni yasiyolipwa. Kisha ukaja mpango wa URSUS kutoka Poland, ambao ulikusudia kuunganisha matrekta 2,400 palepale Kibaha chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Yaliyofika hayakufikia nusu ya idadi hiyo. Bungeni yakasikika malalamiko ya ubora na vipuri, na kampuni yenyewe huko kwao Poland ikaingia katika ufilisi.

Sisemi kwamba mipango hii yote ilikuwa ya hila. Baadhi ya waliyoibuni walikuwa waungwana na walitaka mkulima apumzike. Lakini angalia sura yake: mipango mitatu, nchi tatu za kigeni, chapa nne za trekta, na kila mara tukianza upya kana kwamba yaliyotangulia hayakuwahi kuwepo. Kila chapa mpya ina vipuri vyake na mafundi wake wa kujifunza upya. Matrekta ya jana huachiwa wenyewe yapambane na soko, na soko halina haraka na mtu anayehitaji jozi moja kila baada ya miaka minane.

Hesabu zetu nazo zinatusaidia kusahau. Katika muongo uliopita Wizara ya Kilimo ilikuwa ikitueleza kwamba asilimia 62 ya eneo linalolimwa nchini hulimwa kwa jembe la mkono, asilimia 24 kwa wanyamakazi na asilimia 14 kwa trekta, na kwamba hiyo ya trekta ilikuwa imepanda kutoka asilimia 10. Vizuri. Lakini trekta la Izimbya limo katika hesabu ipi? Lilipoingia nchini lilihesabiwa. Liliposimama juu ya matofali hakuna afisa aliyekuja kulitoa katika daftari. Tunahesabu mazao ya bandari na kuyaita mazao ya shamba.

Na sasa lile lililoniuma zaidi wakati naandika. Nchi hii ilikuwa na kiwanda cha matairi. General Tyre ya Arusha ilianzishwa mwaka 1969, serikali ikiwa na hisa asilimia 74 na mbia wa kigeni asilimia 26, hisa ambazo baadaye ziliangukia mikononi mwa Continental ya Ujerumani. Ilitengeneza matairi ya magari yaliyotembea Afrika Mashariki yote. Ilikuwa hata na mashamba yake ya mpira, Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Ilikopeshwa dola milioni 10 za wanachama wa NSSF ili ijiinue, na mwaka 2007 uzalishaji ukasimama. Tangu hapo, mawaziri wa awamu baada ya awamu wameahidi kuifufua. Serikali imenunua hisa za mbia, kiwanda kimekabidhiwa Shirika la Maendeleo la Taifa, wataalamu wametumwa, na mitambo imekwenda ikichakaa. Mashamba ya mpira yapo. Kwa maneno mengine, tuna mti unaotoa utomvu na tuna mkulima anayelilia tairi, na katikati yao tumeweka Bahari ya Hindi.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba Arusha ingefufuka kesho basi Izimbya ingepata tairi keshokutwa. Tairi la nyuma la trekta linahitaji kalibu yake kubwa, na kwa soko dogo kama letu kiwanda chenye akili kingeanza na matairi ya malori na pikipiki. Ninachosema ni kwamba nchi yenye kiwanda cha matairi huwa na watu wanaojua matairi: wanaoweza kuvisha upya tairi lililokwisha meno, wanaoweza kukagua linaloingia bandarini na kusema hili ni bovu, wanaoweza kumwambia waziri kabla ya kusaini kwamba vipimo vya trekta analolinunua havina muuzaji hapa. Maarifa hayo tuliyaacha yastaafu pamoja na wafanyakazi wa Arusha. Mitambo inaweza kununuliwa tena. Fundi aliyefanya kazi miaka thelathini na akarudi kwao kuchunga mbuzi hatarudishwa na azimio la bodi.

Wapo watakaosema, matrekta hayo ni makuukuu, yaachwe yafe, tununue mapya. Huu ndio usemi wa mtu asiyelipa. Injini ya dizeli ya trekta la zamani, yenye pampu inayofunguliwa kwa spana za kawaida na isiyo na kompyuta hata moja, inaweza kutengenezwa chini ya mwembe na kijana aliyeishia darasa la saba. Trekta jipya la aina hiyo ya nguvu ni mkopo wa miaka mingi kwa riba ya benki, na dhamana yake ni kibanja. Nani katika Izimbya ataweka rehani kaburi la babu yake? Kwa sehemu ndogo tu ya bei ya trekta jipya unaweza kuliondoa kuukuu juu ya matofali na kulipa miaka mingine ya kazi. Hili si jambo la mapenzi ya vitu vya kale. Ni hesabu ya darasa la nne.

Wapo pia, hasa wenzangu wa kitivo cha uchumi, watakaosema soko litajirekebisha: bei ikipanda, waagizaji wataongezeka. Wamekuwa wakisema hivyo tangu mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980. Soko la tairi la 18.4-30 katika mkoa wa Kagera nje ya mashamba ya miwa ni watu wachache waliotawanyika katika vilima, hakuna anayewajua wote, wala wao hawajuani. Soko la namna hiyo halijirekebishi mpaka mtu alikusanye.

Na wa kulikusanya yupo. Vyama vyetu vya msingi na KCU vimezoea kukusanya kahawa ya maelfu ya watu kutoka vilima hivi hivi na kuiuza kama kitu kimoja. Kinachoweza kukusanya mauzo kinaweza kukusanya manunuzi. Chama kikiandikisha matrekta yote ya wanachama wake, chapa kwa chapa na kipimo kwa kipimo, kikajua kwamba Bukoba, Muleba na Misenyi kwa pamoja zinahitaji jozi kadhaa za kipimo fulani katika miaka miwili, kinaweza kuagiza kontena moja na kuwakopesha wenye matrekta dhidi ya kahawa yao. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo, ulioundwa mwaka 1994, umewahi kukopesha hata ukarabati wa matrekta. Kwa nini dirisha hilo lisiwe pana kuliko lile la trekta jipya? Na mkataba wowote wa serikali wa kununua matrekta, uwe na India, Poland au mwingine yeyote, ukikosa kifungu kinachomfunga muuzaji kuweka matairi na vipuri mikoani kwa muda uliotajwa, basi mwanasheria aliyeupitisha aulizwe. Siombi ruzuku ya milele. Naomba fedha ile ile inayokata utepe ibakize kidogo kwa siku ya pancha.

Nimetaja mwanzoni mgongo wa mwanamke, na sitaki ionekane nilikuwa natafuta huruma. Trekta likisimama, rweya hailimwi na upepo. Trekta humaliza ekari kwa saa moja au mbili. Jembe la mkono kwenye majani yale linakula siku nyingi za watu kadhaa. Nilipokuwa nyumbani niliwaona asubuhi wakipita mbele ya lile turubai, majembe begani, wakielekea kwenye shamba ambalo misimu minne iliyopita lilikuwa likilimwa na kilicho chini ya turubai. Wote walikuwa akina mama, ila kijana mmoja aliyekuwa amebeba maji. Wataalamu wa sera wana neno zuri la kuitaja gharama ya namna hii, la kutoonekana. Mimi niliiona bila shida, ilikuwa inapita barabarani na ikanisalimia.

Na sisi wahadhiri tusijifiche. Nimesimamia tasnifu kadhaa kuhusu tija, minyororo ya thamani na mapinduzi ya kijani. Sikumbuki hata moja iliyotaja tairi. Mwanafunzi angeniletea pendekezo la utafiti kuhusu matairi ya matrekta makuukuu ya Bukoba, huenda ningemwambia atafute mada nzito zaidi.

Mzee wangu wa Izimbya ameniomba nimtafutie bei ya jozi kutoka Kampala na kutoka Mwanza, na nimemtafutia. Nilipomsomea kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza kama wauzaji hukubali kuuza moja moja. Nikamwambia wanakubali, ila yeye anajua kuhusu difu kuliko mimi. Wiki iliyopita alinipigia tena. Amepata mnunuzi wa tela, na fedha ya tela inakaribia kufikia jozi. Vuli inaanza Septemba, kwa hiyo rweya italimwa. Nilimwuliza vuli ikiisha, trekta lisilo na tela litabeba nini hadi masika, naye akasema hilo tutalizungumza nikija Krismasi.